Kiti cha Gitaa la Sekondi

Anayecheza benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, usiku kucha pale Awendo, magharibi mwa Kenya, hana haja ya kumtazama mpiga gitaa la sekondi. Macho yake yako kwa mwimbaji, na mwimbaji akinyamaza yanahamia kwa mpiga solo, ambaye wakati huo ameshaanza kupanda kwenye shingo ya gitaa huku watu wakimpigia miluzi. Sekondi amesimama nyuma kidogo, karibu na amplifaya. Mkono wake wa kushoto hausafiri. Vidole vya mkono wa kulia vinarudia jambo lilelile vililolianza wimbo ulipoanza, na wimbo wenyewe sasa una robo saa. Hakuna anayemtuza. Mimi nataka kumsifu huyo, kwa sababu kwa zaidi ya nusu karne nafasi yake ndiyo iliyokuwa chuo cha muziki cha Nyanza Kusini. Hapo ndipo vijana waliojua kupiga gitaa walipogeuzwa kuwa wanamuziki wa kuishi kwa kazi hiyo.

Kwingine kazi hii hufanywa na okestra za mafunzo. Chicago walianzisha yao, Civic Orchestra, mwaka 1919 chini ya kondakta Frederick Stock, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuonyesha hatari ya kutegemea wapigaji kutoka Ulaya. Venezuela ilianza mpango wake mkubwa wa okestra za vijana mwaka 1975, mwanzilishi akiwa José Antonio Abreu. Hapa Kenya, Conservatoire ya Nairobi ni ya 1944 na Nairobi Orchestra ni ya 1947, na tangu 2008 watoto wa Korogocho wamekuwa wakishika fidla na tarumbeta kupitia Ghetto Classics. Zote ni kazi za heshima. Lakini ukitoka Nairobi ukashuka mpaka Kisii, ukapita Rongo na kufika Awendo, hulikuti jengo la namna hiyo. Hata hivyo eneo hili la Migori na Homa Bay limekuwa likitoa wapiga gitaa kizazi baada ya kizazi, watu wasiosoma nota na wasiowahi kusimama mbele ya kondakta, ambao wakiingia studio hufanya kwa mara moja kile ambacho wengine hukirudia siku nzima. Walifundishwa ndani ya bendi, wakiwa kazini, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Mji wenyewe, ambao wazee bado wanauita Sare, uko kwenye barabara kuu inayotoka mpaka wa Isebania, ikapita Migori, ikaelekea Rongo na Kisii. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza, yaani Sony, kilipoanza kusaga miwa mwishoni mwa miaka ya 1970, mji ulipata watu ambao bendi haiwezi kuishi bila wao: wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, madereva wa trekta, mafundi wa mitambo, wakulima waliolipwa pesa za miwa kwa mkupuo. Kusini, ng'ambo ya mpaka, kuna Shirati, mkoani Mara, Tanzania. Upande wa ziwa kuna Homa Bay. Wajaluo wa pande zote mbili za mpaka ni ndugu wa damu, na harusi, matanga na muziki vimekuwa vikivuka mstari huo tangu ulipochorwa.

Kabla ya gitaa kulikuwa na nyatiti, na mtu asiyeisikiliza nyatiti kwa makini hataielewa sekondi. Ina nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kimeegemezwa mbele yake, njuga ziko mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye mwili wa chombo ili kushika mapigo. Zamani nyuzi zilitokana na kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Pembeni huenda akawepo mpiga orutu, ile fidla ya uzi mmoja iliyowambwa ngozi ya kenge, inayolia kwa kufuata sauti ya mwimbaji hatua kwa hatua. Sasa tazama mikono ya mpiga nyatiti. Mmoja unashika mzunguko mfupi kwenye nyuzi nzito, na mzunguko huo ukishakaa haubadiliki ovyo. Mwingine unazungumza juu yake, unajibu maneno, unachokoza, unarudi. Mtu mmoja anafanya kazi mbili, na ya tatu inafanywa na mguu.

Benga, kwa namna ninavyoisikia, ilizigawa kazi hizo kwa watu. Mkono unaozungumza ukawa gitaa la solo. Mkono unaoshika mzunguko ukawa sekondi. Pigo la pete likaenda kwenye besi na drams, na ndiyo maana besi ya benga haibembelezi; inagonga noti fupi na nzito, inaacha nafasi, kisha inagonga tena. Shida ya mgawanyo huo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mikono miwili ya mtu mmoja inaelewana bila kusemezana. Watu wawili wenye magitaa mawili wanahitaji miaka.

Gitaa lenyewe lilikuja kwa njia nyingi. Askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka Burma baada ya vita kwisha mwaka 1945 walileta baadhi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Nairobi iliwasikia kwa karibu mabingwa kutoka Kongo, Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, ambao kidole gumba na cha shahada vilitosha kuwafanya waonekane wawili. Na makanisa yalikuwa yameshafanya kazi yao kimyakimya. Waadventista walifungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baadaye wakawa na kituo cha Ranen, jirani kabisa na Awendo. Kijana aliyekua akiimba sauti ya tatu katika kwaya isiyo na kinanda alikuwa tayari anajua jambo moja gumu: kushika mstari wake mwenyewe huku wa jirani ukivutia zaidi. Sijui kipawa kinachomfaa zaidi mpiga sekondi.

John Ogara na kundi lake la Ogara Boys wanatajwa na wengi kwamba ndio waliotangulia kulitumia jina la benga, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kwa habari ya mafunzo, jina la kuanzia ni la Daniel Owino Misiani. Alizaliwa Nyamagongo, upande wa Shirati, mwezi Februari 1940, katika nyumba ya dini ambako wazazi hawakufurahia mwana kushika gitaa. Akavuka mpaka kuja Kenya miaka ya 1960, akaunda bendi iliyobadili majina mara kadhaa, Victoria Boys, Luo Voice, mpaka likatulia jina la Shirati Jazz. Watu walimwita Mfalme wa Historia kwa jinsi nyimbo zake zilivyobeba habari za dunia, za Biblia na za siasa, na kwa hizo za siasa aliwahi kukamatwa zaidi ya mara moja. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu tarehe 17 Mei 2006.

Sifa zake za mtunzi zimeandikwa sana. Zile za mwalimu hazijaandikwa vya kutosha. Misiani aliiongoza Shirati kwa takriban miaka arobaini, na katika muda huo wapigaji waliingia na kutoka. Bendi haikuharibika. Ukisikiliza sahani za miaka ya 1970, kisha albamu zilizotoka Uingereza, Benga Beat ya 1987 na Benga Blast! ya 1989, unasikia watu tofauti wakifanya kazi ileile kwa adabu ileile: sekondi kavu, safi, isiyojionyesha, na solo inayokaa juu yake bila woga. Hilo haliji kwa bahati. Kuna mtu aliyekuwa akiwafundisha wanaoingia, na mara nyingi mtu huyo ni yule aliyeingia kabla yao.

Utaratibu wenyewe ulijulikana kwa kila aliyetaka kuingia bendi, ingawa haukuandikwa popote. Magitaa, amplifaya na spika vilikuwa mali ya mwenye bendi au mfadhili. Kijana alikuja na mikono mitupu. Alianza kwa kubeba vyombo, kufunga nyaya, kulala juu ya spika ndani ya gari usiku wa manane. Aliruhusiwa kuitikia kiitikio. Siku mpiga sekondi akiugua malaria au akichelewa gari, alisimamishwa hapo, na kama wimbo haukuanguka, alibaki karibu. Kutoka sekondi mtu angeweza kupanda akawa solo, na kutoka solo akaondoka na kuanzisha bendi yake, akawachukua vijana wengine wa kubeba spika. Bendi nyingi za eneo hili zilizaliwa kwa kuachana namna hiyo. Watu husimulia migawanyiko hiyo kwa masikitiko, na ni kweli ilikuwa na machungu ya pesa ndani yake, lakini bila hiyo nafasi za kujifunza zingekuwa chache mno.

Mfano mzuri ni Victoria. Ochieng Nelly na Collela Mazee waliijenga bendi hiyo miaka ya 1970, na kwa sababu ya mikataba ya kampuni za santuri, kundi hilo na matawi yake lilirekodi kwa majina mengi: Victoria Jazz, Victoria Kings, Victoria yenye herufi hii na Victoria yenye herufi ile. Mkusanyaji wa santuri anaweza kuumwa kichwa. Kwa kijana wa Nyanza Kusini mwenye vidole vyepesi, majina hayo yote yalikuwa mlango, kwa maana kila kikosi kilihitaji mtu wa kusimama pale nyuma karibu na amplifaya.

Niliwahi kukaa mchana mzima kwenye mazoezi ya bendi moja mjini Awendo, katika ukumbi ulio nyuma ya baa, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza na harufu ya molasi ikiingia madirishani. Bendi ilikuwa na kijana mpya, wa miaka ishirini hivi. Alikuja akiwa tayari anazipiga solo za marehemu Musa Juma wa Orchestra Limpopo kwa kusikia tu, na alizipiga vizuri, ilikuwa raha kumsikiliza. Kiongozi, mzee aliyekuwa amekaa na gitaa lisilochomekwa popote, alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshukuru, kisha akampa noti sita. Noti sita kwenye nyuzi tatu za juu, kapo ikiwa freti ya tatu, za kurudia. Kapo yenyewe ilikuwa penseli iliyokazwa kwa kipande cha mpira wa tyubu.

Kijana aliziokota papo hapo. Mzee akatikisa kichwa.

"Omera, umezipata. Lakini unazipiga kama mtu anayesubiri zamu yake."

"Nirekebishe, mzee."

Kosa la kwanza lilikuwa mahali pa kuanzia. Noti ya kwanza haikutakiwa iangukie kwenye pigo la drams. Ilitakiwa iingie nyuma yake, kwa umbali mdogo ambao hauhesabiki kwa vidole, unahisiwa tu. Mpiga drams akapewa kazi ya kugonga teke peke yake, bila kitu kingine, na kijana akaambiwa azungumze baada ya kila teke. Alipokazana kuhesabu, alikosea. Alipoacha kuhesabu na kuanza kutikisa goti, akapata.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kuliona. Aliziacha noti ziendelee kulia. Kwenye chumba, peke yake, sauti hiyo ilipendeza, ikajaza ukumbi. Mzee akaushika mkono wake wa kushoto na kumwonyesha namna ya kunyanyua kidole nusu: kisiachane na uzi, kiache tu kuukandamiza, ili noti ife mara tu inapomaliza kazi. "Hapo ulipoua," akamwambia, "ndipo mwenzako anapozaliwa." Akamwita mpiga solo aingie. Ghafla nikasikia kile kilichokuwa kinatengenezwa. Noti za solo ziliangukia ndani ya matundu yaliyoachwa, hazikugombana na chochote, na magitaa mawili yakasikika kuwa chombo kimoja chenye nyuzi nyingi kuliko gitaa lolote. Mzee hakusema kitu. Aliwaacha waendelee, akatoka nje kununua sigara, akarudi, wakawa bado wanaendelea, akaketi.

Hapo ndipo lilipokuja somo lenyewe, yaani muda. Kupiga noti hizo sita vizuri kwa dakika mbili ni jambo ambalo mwanafunzi yeyote mwenye bidii atalifanya. Kuzipiga kwa dakika ishirini, mapigo yakiwa yaleyale ya mwanzo, uzito uleule, bila kuongeza pambo hata moja, ni ujuzi wa aina nyingine. Mkono unachoka kwanza, kisha akili inachoka, kisha, na hii ndiyo hatari kubwa, mtu anaanza kuchoshwa na wimbo, na akichoshwa anatia kitu kipya ili ajifurahishe. Mzee alikuwa anasubiri hasa wakati huo. Kijana alipotia kipambo kidogo, kizuri kwelikweli, mzee alinyanyua mkono na wote wakasimama. Wakaanza upya.

Ukumbini faida ya ukali huo huonekana kwenye klaimaksi, ile sehemu ambayo mwimbaji amenyamaza, besi imekaza, na solo inapanda. Watu wote wanataka kukimbia. Mpiga drams anataka kukimbia kwa sababu wachezaji wanamtazama, solo anataka kukimbia kwa sababu damu imepanda, wachezaji wenyewe wanawasukuma. Benga ikikimbia hapo huvunjika, inakuwa kelele. Anayezuia ni sekondi. Hapandishi sauti wala hagombani na mtu. Anakataa tu kusogea, na kwa kuwa mzunguko wake ndio sakafu ambayo wengine wameikanyaga, wanalazimika kubaki naye. Klaimaksi iliyozuiwa namna hiyo inaonekana kwenda kasi kuliko iliyokimbia kweli. Nimeijaribu kwa saa mkononi, nikihesabu mapigo mwanzo wa wimbo na mwisho wake, na bendi nzuri haiongezi hata pigo moja kwa dakika la kusikika, ilhali jasho la wachezaji linaapa kwamba kasi imeongezeka mara mbili.

Halafu kuna pakruok, na hapo hakuna okestra ya mafunzo duniani yenye mtihani wa kulingana nayo. Mtu anainuka na noti ya pesa mkononi, anataka kujisifu, au kumsifu rafiki yake, mkwe wake, kijiji chake. Bendi lazima impe nafasi. Wakati mwingine muziki unasimama kabisa, wakati mwingine unashushwa mpaka ibaki sekondi peke yake, kwa sauti ya chini, chini ya maneno ya mtu huyo. Anaweza kusema sentensi moja. Anaweza kusema kwa dakika tatu, akasahau, akacheka, akaanza tena, akatoa noti nyingine. Sekondi hajui atamaliza lini. Anatakiwa kuendelea bila kuyafunika maneno, na bila kulegea, kisha neno la mwisho likitoka, bendi nzima irudi kwa pamoja mahali palepale ilipokuwa, kana kwamba hakuna aliyesimama. Anayewapa wenzake mahali pa kurudia ni yeye. Kijana akiyapitia hayo kila Ijumaa na Jumamosi kwa miaka miwili, pamoja na matanga ya katikati ya wiki ambapo kazi huanza saa tatu za usiku na kwisha jua likichomoza, hakuna studio itakayomtisha.

Na studio zilimhitaji. Enzi ya sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo wa benga ulikatwa mara mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili klaimaksi. Muda ulikuwa mdogo, dakika tatu na kidogo kila upande, na wanamuziki walioshazoea kurefusha wimbo mpaka asubuhi walipaswa kuubana bila kuupotezea uzito. Mtu aliyefanya biashara hiyo kuwa kubwa ni mwana wa Nyanza Kusini, Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji na muuzaji wa santuri ambaye baadaye alikuwa mbunge. Herufi za jina lake, POK, zilikuwa kwenye lebo. Santuri zake zilisafiri mbali kuliko wanamuziki wenyewe. Kule Zimbabwe, miaka ya vita vya ukombozi, muziki huo ulipendwa hadi ukaitwa kanindo, kwa jina lililosomwa kwenye sahani, na wapiga gitaa wa huko waliolelewa nao wakaja kutengeneza sungura, muziki ambao mpaka leo magitaa yake yanazungumza kwa kupeana nafasi. Kijana wa Harare aliyekuwa akirudisha sindano ya gramafoni nyuma ili aishike sekondi ya bendi ya Nyanza alikuwa mwanafunzi wa chuo hiki bila kujua mwalimu wake ni nani.

Nyumbani mambo yalibadilika. Kaseti za bandia zilianza kuua santuri miaka ya 1980. Ladha nayo ikahama. Musa Juma, mzaliwa wa Siaya, aliyefariki Mombasa Machi 2011, aliileta rumba karibu zaidi na benga kupitia Orchestra Limpopo International, na humo kazi ya sekondi iligawanywa tena kwa namna ya Kikongo, ambako kati ya solo na rithimu huwekwa gitaa la mi-solo. Mimi naona Limpopo ilikuwa chuo cha mwisho kikubwa cha mtindo wa zamani: ilibeba vijana wengi, iliwavalisha vizuri, iliwafundisha kucheza pole, na mwanzilishi alipofariki ndugu yake John Junior alikuwa ameshalelewa humo humo kiasi cha kuushika usukani. Upande wa ohangla, muziki mwingine wa Wajaluo, mabingwa kama Tony Nyadundo na marehemu Lady Maureen wa Migori walijaza kumbi kwa ngoma, sauti na kinanda cha umeme. Ni muziki mtamu na siusemi vibaya. Lakini kinanda kikija, mtu mmoja anachukua kazi ya watatu, na aliyeondolewa kwanza ni yule ambaye hakuwa akitazamwa.

Kompyuta imemaliza kilichobaki. Siku hizi mpiga solo hodari huingia studio Migori au Kisumu, anapiga solo, kisha anajirekodi tena akipiga sekondi, kisha rithimu, na wakati mwingine besi, juu ya drams zisizochoka. Kazi inatoka safi na kwa bei nafuu, na wasanii wengi wasingeweza kurekodi kabisa bila njia hiyo. Ninachokisikitikia ni kile kiti. Mtu anayejipigia sekondi mwenyewe anajua tayari solo itaingia wapi, hahitaji kusikiliza. Na kijana wa miaka ishirini mwenye noti zake sita hana wa kumpigia.

Kuna wanaofanya kitu. Ketebul Music ya Tabu Osusa ilitoa mwaka 2008 mkusanyiko wa Retracing the Benga Rhythm, uliokwenda kuwatafuta wazee wa muziki huu na kuwahoji wakiwa hai. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, linaendelea kuzipa shule sababu ya kununua orutu na nyatiti na kumwita mzee wa kijiji aje kufundisha, na shule za Migori na Homa Bay zina bahati ya kuwa na wazee hao karibu. Lakini jukwaa la tamasha lina dakika zake chache na mwamuzi mwenye karatasi. Dakika ishirini za noti sita hazina mahali humo. Kaunti hizi mbili zikitaka okestra ya mafunzo, na zinastahili kuwa nayo, vitu vinavyohitajika ni ukumbi wa kawaida, magitaa manne, amplifaya zisizovuma, drams, mzee wa kulipwa kila mwezi, na usiku mmoja kwa wiki wa kupigia watu wanaocheza. La mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Bila wachezaji miguuni mwake mpiga sekondi hana wa kumzuia asikimbie.

Kuna pia kazi nyingine ambayo haihitaji bajeti. Lebo za sahani zile ziliandika jina la bendi, la wimbo na la mtunzi. Majina ya wapigaji hayakuandikwa. Tunamjua Misiani, tunamjua Nelly, tunamjua Collela. Aliyepiga sekondi kwenye wimbo huu na aliyepiga kwenye ule, mara nyingi wanajua wachache tu waliokuwepo chumbani, au wachezaji waliosimama karibu na jukwaa miaka hiyo. Sare bado ina watu wa namna hiyo: fundi aliyetengeneza amplifaya zao, mwenye baa aliyewalisha, mzee wa miwa aliyekuwa akitoa noti za pakruok na kumbukumbu yake ni kali kuliko ya wanamuziki wenyewe. Ukimwekea wimbo anatulia kidogo, anasikiliza upande wa chini, chini ya solo, kisha anataja jina, na jina la baba yake, na kijiji alikotoka. Majina hayo yaandikwe pembeni mwa jina la wimbo, na tarehe ya siku aliyeyasema aliposema.